Dar es Salaam hadi Songwe: Ni Mwendo wa Saa Ngapi?



Katika mkutano wetu uliopita palizuka ubishi mezani, baada ya ndizi na nyama kwisha na kabla chai haijaletwa. Mwenzetu mmoja akaaye Dar es Salaam alisema kwamba siku hizi Tukuyu si mbali tena, kwani ni mwendo wa saa moja na robo tu. Mwingine, ambaye alikuwa ameteremka katika basi usiku wa kuamkia siku ile na macho yake yakali mekundu, alimwuliza kwa ukali kidogo: saa moja na robo toka wapi hadi wapi? Hapo kila mtu akatoa hesabu yake, na Katibu wetu, ambaye hapendi kelele, akaniagiza niandike jambo hili gazetini ili lipate kwisha. Nimekaa ofisini miaka mingi nikiandika taarifa ambazo hazikumaliza jambo lo lote, kwa hiyo sitoi ahadi.

Nianze na darasani. Mtamkumbuka mwalimu wetu wa jiografia na uzi wake mweusi. Alikuwa akiutoa mfukoni, anaulaza juu ya ramani toka Dar es Salaam hadi Mbeya, kisha anaupeleka kwenye kipimio kilichochorwa chini ya ramani. Uzi ulionyoshwa sawasawa ulitoa kilometa mia saba kasoro kidogo. Halafu aliulaza tena, mara hii akiufuatisha barabara: Morogoro, Mikumi, Kitonga, Iringa, Makambako, Uyole. Uzi ule ule ukatoa zaidi ya mia nane. "Ndege haijui Kitonga," alisema, nasi tukacheka, ingawa darasa zima hapakuwa na hata mmoja aliyepata kupanda ndege, na wengi wetu hata Kitonga tulikuwa hatujaiona.

Nimeirudia hesabu ile kwa latitudo na longitudo za viwanja viwili vya leo, yaani Uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, na Uwanja wa Songwe. Jawabu ni kilometa 690 hivi, au maili 430 kwa kipimo cha wazee wetu. Ndege ya jeti huzimaliza kwa saa moja na robo. Ya mapangaboi huchukua nusu saa zaidi, pengine kasoro. Na kwa kuwa viwanja hivi vimeachana kwa karibu nyuzi 6 za longitudo, na dunia huzunguka nyuzi 15 kila saa, jua la Songwe liko nyuma ya jua la Dar es Salaam kwa dakika 24, ingawa saa za ukutani ni zile zile. Ndiyo maana mgeni wa pwani akifika kwetu hushangaa kuona jioni inachelewa. Hiyo ndiyo hesabu ya uzi. Mwenzetu wa kwanza alikuwa na haki yake.

Lakini hesabu ya uzi haielezi kwa nini uzi wenyewe ulilazwa upande ule. Nilipoanza kuchunguza safari za kwetu za zamani niligundua jambo ambalo hatukufundishwa: kwa muda mrefu sana njia za Rungwe hazikuelekea Dar es Salaam. Zilielekea kusini na kaskazini.

Wamisionari wa Moravian, akina Theodor Meyer na Theophil Richard, waliofika Rungwe mwaka 1891, walikuja kwa njia ya mito ya Zambezi na Shire, wakapanda Ziwa Nyasa mpaka ncha yake ya kaskazini. Meli ya Wajerumani iliyoitwa Hermann von Wissmann ilipitishwa njia hiyo hiyo vipande vipande, ikaungwa na kuteremshwa ziwani mwaka 1893. Hata boma la Wajerumani lilianzia Langenburg, kando ya ziwa, kabla ya kuhamishiwa mlimani Tukuyu na kuitwa Neu Langenburg. Vita Kuu ya Kwanza nayo ilituingilia kwa mlango huo: majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yaliyotwaa boma la Tukuyu mwezi Mei 1916 yalitoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Wakati wote huo Dar es Salaam ulikuwa mji mkuu wa koloni, lakini mpagazi mwenye mzigo, akitembea kilometa 20 au 25 kwa siku, angehitaji zaidi ya mwezi mmoja kuufikia, ikiwa hakuugua njiani.

Sasa tuje kwenye ndege, na hapa naomba msomaji aketi vizuri. Mwezi Januari 1932 kampuni ya Kiingereza ya Imperial Airways ilifungua njia yake ya kutoka London hadi Cape Town. Abiria walikwenda kwa gari moshi toka Paris hadi Brindisi, Italia, wakavuka bahari kwa ndege ya majini, wakafuata mto Nile, wakafika Kisumu na Nairobi. Kisha wakaja Moshi, Dodoma, na kituo kilichofuata ni Mbeya. Baada ya Mbeya ni Mpika na Broken Hill, mji ambao leo huitwa Kabwe. Safari nzima ilichukua siku kumi na moja hivi, maana ndege ziliruka mchana tu na usiku abiria walilala. Mbeya wenyewe ulikuwa mji mchanga, uliochipuka mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa.

Fikirini jambo hilo. Mzungu wa Mbeya aliyetia barua yake katika ndege ile aliweza kutumaini kwamba ingefika London kwa wiki moja na siku kidogo. Siku hiyo hiyo, kijana wa Mwakaleli au Masoko aliyeanza safari ya Dar es Salaam kwa miguu, barua ile ingefika London yeye hajafika hata Iringa. Mwenye fedha na bahati alipanda lori mpaka Iringa na Dodoma, ndipo akaonana na gari moshi la kumpeleka pwani. Uwanja wa Mbeya ulikuwa katika ratiba iliyobandikwa London, wakati hakuna mtu aliyeona haja ya kuunganisha Mbeya na Dar es Salaam moja kwa moja. Ndege zilitua kwetu kwa sababu zilihitaji mafuta na mahali pa kupumzika katikati ya Nairobi na Rhodesia. Na haja hiyo ilipokwisha, zilikwenda zake: mwaka 1937 Imperial Airways ilihamishia safari zake kuu katika ndege za majini zilizofuata pwani, zikipita Mombasa, Dar es Salaam na Lindi hadi Durban. Mbeya ikabaki na njia ndogo na kiwanja cha nyasi.

Watu wa kwetu wa kawaida walianza lini kupanda ndege? Nilidhani ni baada ya Uhuru. Baba yangu mkubwa alinisahihisha. Katika miaka ya 1950 Wenela, ambalo ndilo jina wazee walilolipa shirika la Witwatersrand Native Labour Association, ilikuwa ikiandikisha vijana wa Rungwe kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Wenela ilikuwa na ndege zake za kuwasafirisha vibarua wa nchi za kaskazini hadi Francistown, Bechuanaland, na kutoka pale waliendelea kwa gari moshi mpaka Johannesburg. Baba mkubwa alikuwa mmoja wao. Alituhadithia kwamba kabla ya ndege kuruka alifumba macho, na kwamba alipoyafumbua aliona mawingu chini yake, jambo ambalo mtu wa Tukuyu hawezi kulishangaa sana kwani mawingu huyakanyaga kila siku. Alikwenda Johannesburg na kurudi. Alirudi na baiskeli, blanketi mbili na kifua ambacho hakikupona tena. Dar es Salaam aliiona mara yake ya kwanza mwaka 1983, kwa gari moshi la TAZARA, alipoletwa Muhimbili kwa ajili ya kifua hicho hicho.

Naona si haki kuliacha jambo hili lipite hivi hivi. Mwaka 1932 uwanja wetu ulikuwa kituo cha safari za watu wengine, na miaka ishirini na kitu baadaye vijana wetu wenyewe wakawa mzigo wa safari zilizopangwa na watu wengine. Katika nyakati zote mbili hapakuwa na mtu aliyekaa chini akauliza: je, mtu wa Tukuyu mwenye shida zake Dar es Salaam atafikaje? Swali hilo liliulizwa mara ya kwanza baada ya mwaka 1961. Serikali ya Tanganyika huru ilikomesha uandikishaji wa Wenela, na uzi wa ramani ukaanza kugeuzwa kuelekea mashariki.

Yaliyofuata mnayajua, nayapitia haraka. East African Airways, iliyoanzishwa mwaka 1946, ilikuwa na ndege ndogo za miji ya ndani, lakini nauli yake haikuwa ya watu wetu. Ian Smith alipojitangazia uhuru wake Rhodesia mwezi Novemba 1965, Zambia ilihitaji mlango mwingine wa bahari, na malori ya mafuta yakajaa katika barabara ya vumbi toka Dar es Salaam hadi Tunduma. Lami ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kisha TAZARA, kilometa 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kuanzia 1970 na kukabidhiwa rasmi mwezi Julai 1976. Wengine watasema kwamba hata hivyo barabara na reli vilijengwa kwa ajili ya Zambia, siyo kwa ajili yetu. Ni kweli. Lakini safari hii tulikuwa njiani, na njia ilikwenda tunakotaka.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliunda Shirika lake la Ndege mwezi Machi mwaka huo huo. Taabu ya Mbeya ilikuwa kiwanja chenyewe. Kilikuwa mjini, kifupi, kimebanwa na milima, tena kiko juu kiasi cha meta 1,700 toka usawa wa bahari. Hewa ya huko juu ni nyepesi, na ndege katika hewa nyepesi huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Kwa hiyo jeti kubwa hazikuweza kutua. Sisi tuliosoma miaka ya 1990 tulikuwa tukisikia jeti zikinguruma juu ya mlima Rungwe, zikienda kusini au kaskazini kama zile za 1932, ila hizi hata mafuta hazikuhitaji kwetu. Kijana mmoja wa bweni letu alikuwa na mazoea ya kuzipungia mkono hata siku za mawingu. Sasa ni afisa wa forodha na hapendi kukumbushwa.

Uwanja mpya wa Songwe ulianza kutumika mwezi Desemba 2012, baada ya ujenzi wa miaka mingi. (Wageni hupotea hapa: Mkoa wa Songwe uliundwa mwaka 2016, lakini uwanja wa Songwe uko Mkoa wa Mbeya.) Uko bondeni, magharibi ya mji, una njia ndefu ya kurukia, na jeti zikaanza kuja. Nauli nazo zilishuka kwa muda, mpaka tukaona mama wenye mashada ya ndizi katika foleni ya kupanda ndege. Mimi nilikuwa katika watu wa kwanza kufurahi. Nilimwambia baba yangu kwa simu: sasa ukiniita asubuhi, mchana nimefika.

Aliniita mwezi Machi 2014, au tuseme niliitwa kwa ajili yake. Alifariki siku ya Ijumaa jioni. Wazee walipanga mazishi yawe Jumapili saa tano asubuhi, ili watoto tulioko mbali tupate kufika. Mdogo wangu, ambaye wakati ule hakuwa na fedha za kutosha, aliondoka Ubungo Jumamosi saa kumi na mbili alfajiri kwa basi. Nilimwambia asijali, nitamtangulia. Nilikata tiketi ya ndege ya Jumamosi saa nane mchana.

Tuliruka kwa wakati wake. Saa moja na robo baadaye tulikuwa juu ya Songwe, kama mwenzetu wa mezani alivyosema. Chini palikuwa na wingu jeupe, zito, limetanda toka mlima hadi mlima. Rubani alizunguka mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Wakati huo uwanja ulikuwa bado hauna taa za kuongozea ndege. Zilifungwa miaka kadhaa baadaye. Mwisho rubani akatangaza kwamba tunarudi. Hapana wa kulaumiwa; mtu anayeendesha ndege akitua asikokuona, mazishi huwa mengi. Saa kumi na moja jioni nilikuwa nimesimama tena katika uwanja wa Dar es Salaam na begi langu, nimesafiri karibu kilometa 1,400 na sikufika po pote. Mdogo wangu alinipigia simu akiwa Makambako. Akauliza, "Kaka, umekwisha fika?"

Nilipanda ndege nyingine Jumapili asubuhi. Hiyo ilitua. Toka Songwe hadi Tukuyu ni kilometa 90 hivi, na sehemu ya kwanza ni barabara ile ile ya malori ya Zambia, kupitia Mbalizi, Mwanjelwa na Uyole. Nilipofika nyumbani ilikuwa saa nane kasoro robo. Wazee walikuwa wamengoja mpaka saa sita. Kisha mvua ilianza kuteremka mlimani, nao wanajua kwamba mvua ya Rungwe ikianza mwezi Machi haina mwisho. Kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa. Mdogo wangu aliniambia kwamba alitia udongo mara mbili, mmoja wake na mmoja wangu. Baba yangu mkubwa, yule wa Wenela, alikuwa amekaa barazani kajifunika blanketi. Alinisalimu kama kawaida, hakunilaumu, akaniuliza tu kama ndege za siku hizi nazo zinalala njiani.

Tangu siku hiyo nimejizoeza kufanya hesabu mbili. Ya kwanza ni ya uzi: kilometa 690, saa moja na robo, mwendo wa kilometa 550 kwa saa. Ya pili huanzia mlangoni na kuishia mlangoni. Toka Tukuyu mjini hadi Songwe weka saa tatu, kwa sababu ya malori. Ujenzi wa njia nne kati ya Nsalaga na uwanja wa ndege, kilometa 29, ulioanza mwaka 2023, ndio uliokusudiwa kuipunguza adha hiyo. Weka saa mbili za kungoja uwanjani. Weka saa moja na robo ya angani. Kisha weka karibu saa mbili za kutoka uwanja wa Dar es Salaam, kungoja mizigo na kupenya foleni mpaka Mbezi au Tegeta. Jumla ni saa nane na zaidi kidogo, na mwendo wako wote, kilometa za ardhini na za angani pamoja, ni kama 95 kwa saa. Basi hukimbia kilometa 880 hivi kwa saa kumi na tano, chini kidogo ya 60 kwa saa. Ndege, basi, haikushindi mara kumi kama tiketi inavyodai. Inakushinda mara mbili kasoro, siku ambayo hakuna wingu.

Hapo ndipo wenzetu wawili wa mezani wanapokutana. Mmoja alikuwa akipima toka uwanja hadi uwanja, mwingine toka mlango hadi mlango, na kila mmoja alikuwa mkweli kwa mlango wake. Ila naomba anayepima kwa uwanja asiwaambie wazee wa kijijini kwao kwamba amekaribia. Wao watapanga mambo yao kwa neno hilo.

Kwa wale watakaohudhuria mkutano ujao, Katibu ameniomba niongeze maneno ya kazi. Anayekuja kwa ndege achague ya asubuhi, aje siku moja kabla, na amwarifu mwenzake mwenye gari mapema, kwani teksi ya toka Songwe hadi Tukuyu inaweza kukaribia nauli ya basi la toka Dar es Salaam mara kadhaa. Anayekuja kwa basi achukue sweta mkononi, asiliache katika buti la gari; baridi ya Isongole haingoji mtu afungue mzigo. Mabasi ya usiku yaliruhusiwa tena mwaka 2023, na mtu akiondoka Dar es Salaam jioni huingia Tukuyu asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya chai.

Mdogo wangu amefanikiwa katika biashara yake, naye amesema atakuja kwa ndege. Mimi nitatangulia kwa basi.